Baiskeli ya Gia Moja Mlimani: Kwa Nini Mtu Aipende?

Hakuna mpanda baiskeli asiyepajua mahali pale mlimani ambapo hana budi kushuka na kuanza kusukuma. Afikapo hapo, mkulima aliyebeba mkungu wa ndizi husema mlima ni mkali. Mwanafunzi anayekimbilia kipindi cha kwanza husema hakunywa chai asubuhi. Yote mawili yaweza kuwa kweli. Hata hivyo, mahali hapo pa kushukia si pa kubahatisha. Mtu anayeweza kuhesabu meno ya magurudumu mawili ya chuma, kupima mzunguko wa tairi na kuukadiria mwinamo wa barabara, aweza kupabainisha kabla hajatoka nyumbani.

Jambo hilo hufungua swali la pili, ambalo ndilo hasa shabaha ya makala haya. Katika Afrika ya Mashariki baiskeli iliyoenea vijijini ni ya gia moja: Raleigh iliyokuwa ikiundwa Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana, na nyingine za ukoo huohuo. Mwenye nayo aghalabu hakupewa nafasi ya kuchagua. Lakini huko Marekani na Ulaya wapo watu ambao wangeweza kununua baiskeli ya mlimani yenye gia kumi na mbili au ishirini na saba, nao kwa hiari yao hununua yenye gia moja, kisha huipanda katika vijia vya mawe na matope. Je, ni ukaidi tu? Au ipo faida ambayo sayansi yaweza kuieleza?

Gia ni nini?

Baiskeli ni mashine, na kazi ya mashine ya namna hii ni kubadilishana kani na umbali. Mguu husukuma pedali kwa kani kubwa katika umbali mfupi. Tairi hulisukuma gurudumu mbele kwa kani ndogo katika umbali mrefu zaidi. Kiasi cha mabadilishano hayo huamuliwa na idadi ya meno ya gurudumu la mbele, linalozungushwa na pedali, ikigawanywa kwa idadi ya meno ya gurudumu la nyuma.

Chukulia baiskeli ya kawaida ya mzigo yenye meno 48 mbele na meno 20 nyuma. Uwiano wake ni 48 ÷ 20, yaani 2.4. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.4. Ikiwa mzunguko wa tairi ni meta 2.2, baiskeli huenda meta 5.28 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Umbali huo na uitwe hatua ya baiskeli. Mpandaji akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, mwendo wake utakuwa meta 5.28 kwa sekunde, yaani kilometa 19 kwa saa. Huo ni mwendo mzuri katika barabara tambarare, na ndiyo sababu watengenezaji waliuchagua uwiano wa namna hiyo.

Baiskeli ya mlimani ya gia moja hupangwa kwa namna nyingine. Kwa magurudumu ya inchi 26 uwiano uliozoeleka ni 2 kwa 1, kwa mfano meno 32 mbele na 16 nyuma. Mzunguko wa tairi lake ni kama meta 2.07, kwa hiyo hatua yake ni meta 4.14. Kwa mizunguko 60 ya pedali kwa dakika, mwendo ni kilometa 15 kwa saa tu. Mpandaji amekubali kupunguza mwendo wa tambarare ili apate nafuu ya mlima. Huo ndio mkataba wa kwanza wa gia moja: hapana uwiano unaofaa kila mahali, bali kuna uwiano ambao mtu ameuridhia.

Hesabu ya mlima

Na ichukuliwe sasa kwamba mpandaji ana kilogramu 65 na baiskeli yake ya mzigo kilogramu 20, jumla 85. Barabara yapanda meta 1 kwa kila meta 10. Kani ya kuushinda mlima ni takriban 85 × 9.8 × 0.1, yaani nyutoni 83. Ukinzani wa tairi juu ya udongo mgumu waweza kukadiriwa kuwa nyutoni 8. Jumla ni nyutoni 91. Kwa hatua moja ya meta 5.28, kazi inayofanyika ni 91 × 5.28, yaani jouli 480 hivi.

Kazi hiyo yote hutoka katika miguu. Mkono wa pedali wenye urefu wa sentimeta 17 huchora duara lenye mzingo wa meta 1.07. Basi kani ya wastani katika pedali ni 480 ÷ 1.07, yaani nyutoni 450. Lakini mguu hausukumi kwa nguvu ileile katika duara zima. Pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa, mguu haufanyi kitu cha maana. Kani kubwa hupatikana mkono wa pedali ukiwa umelala. Kwa makadirio ya kawaida, kani ya juu kabisa ni mara 1.57 ya wastani. Kwa hiyo mguu watakiwa kusukuma kwa nyutoni 707.

Uzito wa mpandaji mwenyewe ni 65 × 9.8, yaani nyutoni 637. Hapa ndipo siri ya mahali pa kushukia inapofichuka. Hata akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, kani bado haitoshi. Hana budi kuuvuta usukani kwa mikono ili ajikandamize zaidi. Akifanya hivyo ataenda hatua chache, kisha atashuka. Si uvivu wake, ni hesabu.

Mwenzake mwenye baiskeli ya mlimani ya kilogramu 12 na uwiano wa 2 kwa 1 ana hali nafuu. Kwa mlima uleule, kani ya kuushinda pamoja na ukinzani ni nyutoni 83. Kazi kwa kila hatua ni jouli 344. Na kwa mkono wa pedali wa sentimeta 17.5, kani ya juu kabisa mguuni ni nyutoni 490. Atasimama juu ya pedali, naye atapanda. Lakini mlima ukifikia meta 15 kwa kila meta 100, kani inayotakiwa hupanda hadi nyutoni 700 na zaidi, naye atayaona yaliyomkuta mwenziwe.

Kazi haipungui, hubadilika muda tu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba gia ndogo hupunguza kazi ya kupanda mlima. La hasha. Kumwinua mtu na baiskeli yake, jumla kilogramu 77, hadi kimo cha meta 100 huhitaji jouli 75,000, pasipo kuhesabu msuguano. Awe na gia moja au ishirini na saba, deni ni lilelile. Kinachobadilika ni uwezo, yaani kazi inayofanyika katika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati.

Mtu mwenye afya asiye mwanariadha aweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Mwenye gia nyingi akiweka uwiano wa 1 kwa 1 katika mlima uliotajwa, kila hatua humgharimu jouli 172 tu. Kwa wati 100 atazungusha pedali mara 35 kwa dakika na kupanda polepole, kama mwendo wa mtu anayetembea. Mwenye gia moja hana nafasi hiyo. Kila hatua yake ni jouli 344, na akizungusha pedali polepole mno atapoteza mizani na kuanguka. Kwa mizunguko 40 kwa dakika, ambayo ni ya taratibu kabisa, tayari anatakiwa kutoa wati 229.

Kwa hiyo, kinyume cha inavyodhaniwa, gia nyingi humpa mpandaji hiari ya kwenda polepole, na gia moja humnyima hiari hiyo. Mwenye gia moja ama hupanda kwa kasi, ama hutembea. Ndiyo maana katika milima mifupi yeye huweza kufika kileleni kabla ya mwenzake mwenye mitambo mingi, ingawa hufika akihema.

Ubishi wa zamani

Ubishi kuhusu gia haukuanza jana. Baiskeli yenye umbo la leo, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, iliimarika kwa Rover ya John Kemp Starley, iliyotokea Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Ilikuwa ya gia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 habu zenye gia tatu za Sturmey-Archer zilianza kuuzwa Uingereza, na huko Ufaransa Paul de Vivie, aliyejulikana zaidi kwa jina la Vélocio, alikuwa mtetezi mkubwa wa gia nyingi kwa wasafiri wa milimani.

Aliyempinga ni Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya Tour de France yaliyoanza mwaka 1903. Kwa maoni yake, gia za kubadilishwa ziliwafaa watu waliokwisha pita umri wa ujana, na ushindi wa kweli ulipaswa kutoka katika misuli. Kwa miaka mingi washindani walipanda milima ya Alps na Pyrenees kwa magurudumu yenye meno upande huu na upande huu: walipofika chini ya mlima walishuka, wakafungua nati, wakaligeuza gurudumu la nyuma ili watumie upande wenye meno mengi zaidi. Kifaa cha kuhamisha mnyororo hakikuruhusiwa kwa washindani wote hadi mwaka 1937. Tangu hapo gia nyingi zikawa alama ya maendeleo.

Marin na joto la breki

Baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kutokana na mabaki ya gia moja. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco huko Marekani, waliokota baiskeli nzito za Schwinn zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nene, gia moja, na breki iliyofichwa ndani ya habu ya nyuma, ambayo hufanya kazi pedali zikisukumwa kinyume. Walizipandisha mlimani kwa kusukuma au kwa gari, kisha wakashindana kuteremka. Mashindano maarufu zaidi yalianza tarehe 21 Oktoba 1976 katika njia iliyo karibu na mji wa Fairfax.

Njia hiyo hushuka kiasi cha meta 400 katika kilometa 3.4. Jina lake, Repack, lilitokana na kazi iliyofuata kila mteremko: kuijaza habu grisi upya, maana grisi ya kwanza ilikuwa imeungua na kugeuka moshi. Mwalimu wa fizikia hapati mfano bora kuliko huo wa nishati kubadilika umbo. Mpandaji na baiskeli wenye jumla ya kilogramu 95, wakishuka meta 400, hupoteza nishati ya kimo ipatayo 95 × 9.8 × 400, yaani jouli 372,000. Kiasi hicho chatosha kuichemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 na kubaki. Hata ikiwa nusu tu ya nishati hiyo iliingia katika habu ya chuma yenye uzito wa kilogramu moja, joto lake lingepanda kwa nyuzi 400 kama lisingepotea hewani. Grisi ingewezaje kusalimika?

Wakina Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey, waliokuwa katika kundi hilo, ndio waliosaidia kuligeuza chezo hilo kuwa kazi ya viwanda. Gia ziliongezwa ili mtu aweze kuupanda mlima aliouteremka, na breki zikahamishiwa penye hewa. Katika miongo iliyofuata gia zikawa ishirini na moja, ishirini na nne, hata ishirini na saba. Tangu miaka ya 2010 wimbi limerudi nyuma kidogo: baiskeli nyingi mpya za mlimani zina gurudumu moja tu la meno mbele, na meno mengi ya namna mbalimbali nyuma. Waliorudi hadi gia moja kabisa wamekwenda hatua moja mbele ya wimbi hilo, au nyuma yake, kutegemea anayetazama.

Faida zake zilizo wazi

Faida ya kwanza imo katika mnyororo. Baiskeli ya gia moja huwa na mnyororo ulionyooka, usiopindishwa upande wala kupitishwa katika vigurudumu vidogo vya kuuvuta. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na kutangazwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba mnyororo wa baiskeli waweza kufikisha hadi asilimia 98.6 ya nishati inayoingia, na kwamba ufanisi huongezeka mnyororo unapokazwa zaidi na unapozunguka juu ya magurudumu makubwa ya meno. Ni mashine chache zilizobuniwa na binadamu zinazoweza kujivunia hesabu hiyo.

Faida ya pili imo katika gurudumu la nyuma. Habu inayobeba meno mengi huchukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia hukazwa sana na za kushoto hulegezwa. Habu ya gia moja huacha nafasi inayokaribiana pande zote mbili, spoku hugawana mzigo kwa usawa, na gurudumu huwa imara zaidi.

Faida ya tatu ni matope. Kifaa cha kuhamisha mnyororo huning'inia chini, karibu na ardhi, penye mawe, majani na tope. Kikipindika kidogo tu, gia huanza kuruka; kikivutwa ndani ya spoku, safari imekwisha. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Baiskeli yenye sehemu chache ina mahali pachache pa kukatikia.

Faida ya nne ni ya akili, nayo ndiyo ambayo wapenzi wa gia moja huisifu kuliko zote. Mpandaji asiye na gia ya kubadilisha huilazimisha akili yake kuisoma ardhi. Akiona mlima mbele hujiuliza: niufikie kwa mwendo gani? Swali hilo lina jibu la kihesabu. Nishati ya mwendo humwinua mtu hadi kimo cha v² ÷ 2g. Akiufikia mlima kwa meta 4 kwa sekunde, mwendo wake wamwinua sentimeta 80 tu. Akiufikia kwa meta 8 kwa sekunde, wamwinua meta 3.3. Mwendo umezidishwa mara mbili, kimo kimezidi mara nne. Katika mlima wa meta 1 kwa 10, hizo ni meta 33 za barabara alizozipata bila kukanyaga pedali, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano.

Lakini ili afikie meta 8 kwa sekunde kwa hatua ya meta 4.14, ingempasa azungushe pedali mara 116 kwa dakika, jambo ambalo wachache huweza kwa muda mrefu. Basi mwendo huo hana budi kuupata katika mteremko uliotangulia, na kuuhifadhi: asishike breki ovyo, achague mstari ulio laini katika kona, asiupoteze mwendo kwa kugonga jiwe ambalo angeliona mapema. Mwenye gia nyingi akikosea kona husahihisha kosa kwa kidole gumba. Mwenye gia moja hulilipa kosa lake mlimani, kwa miguu. Watu hupenda mchezo ambao kosa lina gharama na ustadi una malipo. Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na si katika ukaidi.

Hiari na lazima

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuikomea sifa hiyo. Anayepanda gia moja kwa kujifurahisha siku ya mapumziko, akiwa na baiskeli nyepesi isiyobeba kitu, si sawa na anayebeba gunia la mkaa ili watoto wale.

Katika Burundi, kwenye barabara inayoshuka kutoka nyanda za juu hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, wabeba ndizi kwa baiskeli wamekuwa wakionekana kwa miaka mingi. Hushuka zaidi ya meta 1,000 za kimo. Mtu wa kilogramu 60, baiskeli ya 20 na mzigo wa 100 hufanya jumla ya kilogramu 180. Kwa kila meta 1,000 za kushuka, nishati ya jouli 1,764,000 yapaswa kumezwa na breki, na hewa, na tairi. Ni karibu mara tano ya ile iliyounguza grisi kule Marin, nayo yatosha kuchemsha lita tano za maji. Pale Marin kijana akizidiwa aliangukia majani. Hapa kona ina lori upande wa pili.

Wakati wa kurudi juu, mzigo ukiwa umekwisha uzwa, kilogramu 80 zilizosalia huhitaji jouli 784,000 kwa kila meta 1,000 za kimo. Kwa wati 100, pasipo msuguano wowote, hizo ni saa mbili na dakika kumi. Lakini uwiano wa 2.4 haumruhusu kutoa wati 100 kwa utulivu. Humtaka nguvu nyingi zaidi au humshusha atembee. Basi wengi wamekuwa wakishikilia nyuma ya malori yapandayo. Uhatari wa tendo hilo hauhitaji maelezo. Anayelilaumu bila kuifanya hesabu hii hajauelewa mlima.

Somo hapa ni kwamba uzuri wa mashine haumo katika mashine peke yake. Umo katika ulinganifu wa mashine, kazi na mtu. Gia moja ni raha kwa aliyeichagua, na yaweza kuwa adhabu kwa aliyelazimishwa. Hata hivyo, si kweli kwamba aliyelazimishwa hana la kufanya. Uwiano haukuandikwa mbinguni. Baiskeli yenye meno 48 mbele na 20 nyuma ikibadilishwa gurudumu la nyuma tu, ikawekwa la meno 22, uwiano hushuka hadi 2.18 na kani ya mguu hupungua kwa asilimia 9. Kwa mlima ule wa meta 1 kwa 10, nyutoni 707 huwa nyutoni 643, kiasi kinachokaribiana sana na uzito wa mpandaji mwenyewe. Mahali pa kushukia pamesogezwa juu. Kinachopotea ni mwendo wa tambarare: badala ya kilometa 19 kwa saa, ni 17 na kidogo. Kwa mwanafunzi anayeishi penye vilima, huo si ubadilishanaji mbaya.

Kadhalika, baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi ambayo kifaa chake cha kuhamisha mnyororo kimevunjika si lazima iachwe nyuma ya nyumba. Fundi aweza kukiondoa, kuukata mnyororo hadi urefu unaofaa, na kuuweka juu ya jozi moja ya meno inayonyooka. Jambo la kuangaliwa ni mkazo: mnyororo usilegee ukaruka, wala usikazwe ukakatika. Penye fremu yenye nafasi ya kusogeza ekseli, mkazo hurekebishwa kwa kulivuta gurudumu nyuma. Penye fremu isiyo na nafasi hiyo, hutakiwa kigurudumu cha kuukaza. Na breki zote mbili ziwe nzima. Gia iliyokosekana humchosha mtu. Breki iliyokosekana humuua.

Jaribio la darasa

Mwalimu aweza kulifanya somo hili kwa baiskeli moja, chaki, kamba, utepe wa kupimia na mlima wowote ulio karibu, usiopitiwa na magari.

1. Hesabuni meno ya mbele na ya nyuma, mpate uwiano. Kisha pigeni alama ya chaki juu ya tairi na chini yake ardhini, sukumeni baiskeli hadi pedali imalize mzunguko mmoja kamili, mpime hatua. Je, yalingana na uwiano ukizidishwa kwa mzunguko wa tairi?

2. Pimeni mwinamo wa mlima. Ubao wa meta moja uliosawazishwa kwa chupa ya maji iliyojaa nusu na kulazwa juu yake watosha: pimeni kimo kati ya ncha ya ubao iliyo upande wa chini wa mlima na ardhi. Kimo cha sentimeta 10 ni mwinamo wa 1 kwa 10.

3. Kwa kutumia uzito wa mpandaji na wa baiskeli, kokotoeni kani ya juu kabisa itakayotakiwa mguuni. Andikeni utabiri: je, atapanda akiwa ameketi, akiwa amesimama, au atashuka?

4. Mpandaji apande mlima akianza kutoka kusimama, ili nishati ya mwendo isimsaidie. Linganisheni tokeo na utabiri. Kisha aanze tena akiwa na mwendo, na tofauti ya mahali anapofika ipimwe.

5. Pimeni urefu wa pingili 24 za mnyororo, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini na tano. Mnyororo mpya hutoa milimita 304.8. Ukizidi kwa milimita 3, umekwisha chakaa nao utayala meno ya magurudumu.

Swali la kujadiliwa: Mtu mmoja asema gia nyingi ni maendeleo, mwingine asema ni usumbufu. Kwa kutumia maneno kani, kazi na uwezo, elezeni ni kwa mpandaji yupi, katika mlima upi na kwa mzigo gani kila mmoja wao amesema kweli.